Supu ya Mama Hortense

Jina langu ni Mapendo, na watu wa kanisani wamelitumia kunifunga mdomo tangu nikiwa msichana: Mapendo, samehe, Mapendo, achilia, wewe na jina lako hilo. Basi naomba niseme mapema, asije mtu akanilaumu mwishoni. Mama Hortense sijamsamehe. Wiki tuliyomzika Yaya Georgette, dada yangu mkubwa, aliingia nyumbani kwangu hapa Glenwood, Durban, ameshikwa mkono na mkwe wake, amejifunga kitenge cha matanga, amekonda shingo. Akakaa kwenye kiti kilicho karibu na jiko langu, na kabla hajatoa hata pole ya maana akaniuliza kwa sauti ya chini kama chakula kina chumvi. Nilikuwa nimeshika upawa. Miaka yote ile nilikuwa nikiwaza nitamfanya nini siku nitakayompata amechoka, ana njaa, na hana pa kukimbilia, na sasa Mungu alikuwa ameniletea mpaka jikoni.

Mambo yenyewe yalianza kuelekea mwisho wa miaka ya tisini. Mimi na Yaya tulikuwa na chumba kimoja kule Point, karibu na bandari, tukakigawa kwa pazia: upande wa dirisha wake, upande wa mlango wangu. Ukuta wa dirishani ulitoka jasho na rangi yake ilibambuka kama maganda ya kitunguu, na nguo tulizoanika ndani hazikukauka vizuri hata siku moja. Jiko lilikuwa la wapangaji wote, mwisho wa korido, na kati ya sahani zake za umeme ni chache tu zilizopata moto, kwa hiyo tulipika kwa zamu huku tukisikilizana. Pale ndipo nilipojua nani amegombana na mumewe, nani amepata karatasi zake za ukimbizi, na nani anakula nini. Yaya alikuwa msusi katika saluni ya mjini. Alikuwa mnene, mcheshi, na mikono yake ilikwenda kwa kasi mpaka wateja wakasema eish, huyu mama ana mikono minne. Alikuwa akiniambia kwamba akipata kibanda chake mwenyewe ataniajiri mimi nifagie nywele, na akicheka tumbo lote lilicheka naye. Mikono ile ndiyo iliyotulisha. Kliniki wakamwambia ana presha, tansio kama tulivyozoea kuiita kwetu Bukavu, Kongo. Wakampa vidonge, wakamwambia apunguze mwili na apunguze chumvi. Alirudi akakitoa kikopo cha chumvi mezani, akampa jirani yetu Mrundi. Alikuwa mtu wa kutii, Yaya. Hilo ndilo lililomponza.

Mama Hortense alikuwa prezida, yaani mwenyekiti, wa kina mama wa kanisa letu, na siku za kazi alipika katika nyumba ya injinia mmoja Mjapani kule Westville. Kazi ile ilimpandisha cheo kuliko uprezida. Wengine tulisuka, tuliuza simu, tulilinda magari ya watu. Yeye alitoka Westville na mfuko wenye maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma, akatoa ndani yake karatasi nyeusi za mwani, plamu zilizokunjamana kwa chumvi, na kopo la miso, ule uji mzito wa soya iliyochachushwa. Jumapili baada ya ibada alikuja chumbani kwetu, akakaa kwenye kitanda cha Yaya kwa kuwa ndicho kilichokuwa kigumu, akaanza kuhubiri upya. Bajapani banaishi mpaka banasahau miaka yao. Bajapani hawana matumbo. Bajapani wazee banapanda ngazi na mizigo. Siri yao ni chakula, na yeye Hortense, mtoto wa Bukavu, Mungu amemweka jikoni mwao aione ile siri kwa macho. Yaya alimsikiliza huku akijishika kiuno. Nilikuwa nyuma ya pazia, napiga nguo pasi, na nakumbuka nilicheka kidogo peke yangu, kwa sababu nilidhani ni maneno ya kupitisha Jumapili.

Haikupita muda mrefu ikawa rejime, mpango wa kula wa kupunguza mwili. Kina mama kadhaa wa kanisa waliingia, na Yaya ndiye aliyeingia kwa moyo wote. Mawese marufuku. Sombe, kisamvu chetu, marufuku, kwa sababu nani anapika sombe bila mawese. Maharagwe marufuku, sijui kwa nini, nadhani kwa sababu hakuwahi kuyaona Westville. Supu ya Kijapani asubuhi na jioni. Lakini miso haikupatikana kwa urahisi Durban wakati ule, na kopo alilolitoa kwa tajiri wake halikutosha watu wote, kwa hiyo Mama Hortense akabuni miso ya kwetu: maji, ndagala, yaani dagaa, wakavu wa chumvi, vibonge vya supu, na sosi ya soya kutoka duka la Mchina, imiminwe mpaka maji yawe meusi. Yaya aliuliza habari ya chumvi. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. Mama Hortense alimpapasa goti akamwambia, "Georgette, soya si chumvi. Ni ya mimea. Haipandishi tansio, inaishusha." Yaya akashusha pumzi kama mtu aliyeruhusiwa kwenda nyumbani.

Sasa sikilizeni jinsi tulivyoila hiyo siri ya Wajapani. Mjapani, kama nilivyokuja kuona baadaye, hunywa supu yake katika kibakuli kinachofichika kiganjani, pembeni ya vitu vingine vidogo vidogo. Sisi hatuna kibakuli cha namna hiyo. Sisi supu ni ya kutowelea bugali. Yaya alikuwa na bakuli lake la bati, jeupe, lenye ukingo wa bluu, la kumtosha mwanamume aliyetoka kubeba mizigo, na kwetu mtu habakishi supu. Kubakisha ni kumwambia aliyepika kwamba hajui kupika. Basi alikata bugali tonge kwa tonge, akatowelea ule weusi, na mwisho akainua bakuli kwa mikono miwili akamaliza. Akisitasita, Mama Hortense alimhimiza: "Kunywa yote. Nguvu iko chini." Jirani yetu Mrundi, aliyekuwa akichambua mchele wake pembeni, alisema siku moja, bila kumtazama mtu, kwamba hao watu wa Japani hawana bugali, na sisi tunachukua supu yao tunaiweka juu ya shibe yetu, sasa huko si kula kama wao, huko ni kula mara mbili. Mama Hortense akamjibu kwamba wivu nao unapandisha tansio. Wote wakacheka, na Yaya akacheka kuliko wote.

Alipungua kweli, hilo sitalificha. Mashavu yaliingia, sketi zikamzunguka, na kanisani walimsimamisha mbele kama ushuhuda. Lakini alikuwa na kiu isiyokwisha, miguu ilimvimba viatu vikakataa, na kila asubuhi kichwa kilimgonga. Mama Hortense akasema ni sumu ya mawese ya miaka mingi inatoka. Nami, nilipomwambia Yaya aipumzishe hiyo supu japo kidogo, aliniambia nimwache, kwamba kwa mara ya kwanza tangu tufike nchi hii kuna jambo analolifanya likafanikiwa. Wiki chache baadaye, saluni, katikati ya kichwa cha mteja, kitana kilimwanguka. Aliinama kukiokota, mkono wa kulia haukumsikia. Mwenzake alikuja kuniita nikakimbia kutoka sokoni nilikokuwa nikifanya kibarua, na aproni yangu, nikamkuta amekalishwa kwenye kiti cha kuoshea nywele, mdomo umepinda, anajaribu kuniambia kitu. Kiharusi. Mguu ulirudi polepole. Mkono haukurudi.

Kama mambo yangeishia hapo labda leo ningekuwa naandika habari nyingine. Watu hukosea. Lakini Mama Hortense alikuja hospitali na machungwa, akamwombea kwa machozi, na Jumapili iliyofuata akasimama mbele ya kina mama akasema kwamba inamuuma sana, ila ukweli usemwe: dada Georgette hakufuata rejime. Alikuwa akila mawese kwa siri. Mwili ulikuwa umeshasafika, ukapokea mafuta machafu ghafla, ukashindwa. Nilikuwa nimekaa mstari wa nyuma. Nililiona lile neno likitembea kutoka kichwa hadi kichwa, na vichwa vikitikisika kwa huruma, ile huruma chafu ya watu wanaoamini umejitakia. Mawese! Mwanamke ambaye alikuwa akitoka jikoni wenzake wakipika sombe, anakwenda kusimama koridoni ili harufu isimjaribu. Tangu siku ile waliokuja kumwona walikuja na shauri. Wengine walimwambia atubu. Na Yaya, ambaye ulimi wake ulikuwa bado mzito, hakuweza hata kujitetea vizuri, alilia tu, mate yakimtoka upande mmoja, nami nikimfuta.

Kisha Mama Hortense akaenda Johannesburg kwenye harusi ya mpwa wake, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa sina kazi ya kudumu, mchungaji akanipendekeza nikamshikie nafasi Westville. Nadhani yeye mwenyewe hakupenda, ila angekataaje? Nilipanda taksi ya asubuhi, basi dogo la abiria, nikashuka kwenye robot ya chini, zile taa za barabarani, nikapanda kilima kwa miguu kati ya nyumba ambazo hazina mtu barabarani ila wafanyakazi. Jiko la nyumba ile lilikuwa kubwa kuliko chumba chetu, na nilisema moyoni, haya, leo nitaiona hiyo siri. Nikafungua kabati. Tambi za haraka, za kikombe, zimepangwa mpaka juu. Kari ya kwenye boksi, vipande kama chokoleti. Chupa za mayonezi. Bwana injinia alikuwa na tumbo lililotangulia mkanda, alirudi jioni akataka nyama ya nguruwe iliyoviringishwa kwenye makombo ya mkate na kukaangwa ikaelea mafutani, na bia, na kando ya sahani yake palikuwa na vidonge. Nilivitambua. Vilifanana na vya Yaya. Mke wake asubuhi alikula mkate mweupe na kahawa kama mzungu yeyote. Nilisimama pale na kitambaa cha vyombo mkononi nikajiuliza, sasa Wajapani wa Mama Hortense ni wapi?

Mmoja tu ndiye aliyekula karibu na yale aliyotuhubiria, mama mzazi wa injinia, bibi mdogo wa umbo ambaye hakupenda nimpikie. Wali kidogo, kipande cha samaki wa kuchoma, mboga za majani, tofu, ile jibini ya soya, na supu ile. Kila kitu kidogo, na alipofika mahali fulani aliweka vijiti chini ingawa chakula kilibaki. Lakini kilichonigandisha ni supu. Alitia miso ncha ya kijiko, akakoroga, akaonja, kisha akachukua birika akaongeza maji ya moto mpaka ikapauka. Akaniona namtazama. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, changu kilikuwa kidogo, tukaelewana vizuri. Akaniambia kwamba kijijini kwao, milimani, penye theluji, walikula kila kitu cha chumvi, miso, samaki, mboga za kuhifadhiwa, na wanaume walianguka. Mume wake alianguka shambani. Akashika mkono wake wa kulia akauning'iniza, kunionyesha. Baadaye walikuja watu wa afya, wakawafundisha kina mama kupunguza miso, na tambi wale, mchuzi wabakishe. Nikamuuliza, na soya? Akacheka kwa mshangao. Soya ni chumvi, akasema, chumvi tupu. Halafu akasema, kwa upole tu, hakujua ananipa nini, kwamba mwenzangu Hortense analijua hilo vizuri, amemwambia tangu mwaka wake wa kwanza, na ndiyo maana Hortense mwenyewe ile supu haigusi, ana tansio, saa ya chakula huchemsha mayai.

Huchemsha mayai! Nilimaliza kuosha vyombo. Sijui nilivioshaje. Kwenye taksi ya kurudi abiria walikuwa wakiongea na kucheka, nami nilikuwa nimekaa na jambo moja tu kichwani: alijua. Alipompapasa Yaya goti, alijua. Aliposimama kanisani na habari ya mawese, alijua, na ndiyo maana alisimama. Asingekuwa tena Mama wa Bajapani kama angesema supu yenyewe iongezwe maji, kwamba siri ni kula kidogo na kuogopa chumvi, jambo ambalo hata nesi wa kliniki alilisema bure. Aliporudi kutoka Johannesburg nilimngoja nje ya ukumbi wa ibada, nikamwambia yote mbele ya kina mama waliokuwa wakikunja viti. Hakupandisha sauti hata kidogo. Alisema bibi yule amezeeka, anasahau, na mimi Kijapani sikijui, na kwamba uchungu wa dada yangu umenichanganya akili. Akanikumbatia. Mbele za watu, akanikumbatia, nami nilikuwa na miaka ishirini na kitu, wao ni wakubwa, yeye ni prezida. Mchungaji akanitazama akasema, Mapendo, jina lako. Nyumbani Yaya akaniomba niache, kwa maneno aliyokuwa ameshayapata tena. "Acha, mdogo wangu. Hawatasikia. Niletee chai." Nikamletea chai. Sikuacha.

Siku hizi vijana wangu wananionyesha kwenye simu: kula kama Mjapani, uishi miaka mia. Mimi huuliza, Mjapani yupi? Yule bibi aliyeongeza maji, au mumewe aliyeanguka shambani, au mwanawe na vidonge vyake na nyama ya kukaanga? Samaki ni wazuri, mboga ni nzuri, kuweka vijiti chini kabla ya kushiba ni jambo zuri kuliko yote, na hata mwani nimeupenda uzeeni. Kilichobaki ni chumvi na mafuta kama kwa watu wengine wote, na makopo yenye maandishi mazuri. Wananiita mkali. Hawajui kwamba nilimvisha dada yangu sidiria, nikamkatia nyama, nikamsuka nywele mimi ambaye sijui kusuka, mpaka alipoanguka mara ya pili na hakuinuka. Na siku ya mazishi, jeneza likiwa bado sebuleni, mama mmoja wa zamani wa kanisa aliugulia nyuma yangu: maskini Georgette, angefuata ile rejime tu. Nilijua basi kwamba sitamfunika Yaya vizuri kama neno lile halijatolewa na kinywa kilicholitia.

Ndiyo maana Mama Hortense aliponiuliza kama chakula kina chumvi nilimjibu kwa adabu kwamba kinayo kidogo. Ilikuwa supu ya mifupa ya ng'ombe. Kina mama wa zamani walikuwa wote jikoni, wanamenya vitunguu, wanapangusa sahani, yule wa maneno ya rejime akiwa miongoni mwao. Nilikwenda kabatini nikatoa bakuli la bati lenye ukingo wa bluu. Sijalitupa. Nikachota supu, si nyingi, kisha nikachukua chupa ya soya, nikaimimina mbele ya macho yake mpaka supu ikawa nyeusi, nikamwekea mikononi. Alilitambua lile bakuli. Niliona jinsi vidole vyake vilivyolishika.

"Kunywa yote, Mama Prezida," nikamwambia. "Nguvu iko chini."

"Mapendo, mwanangu. Docta amenikataza."

"Alikukataza chumvi. Hii ni soya. Ni ya mimea, inashusha tansio."

Visu vilisimama kwenye vitunguu. Alimtazama mkwe wake, mkwe akatazama sakafu. Alinitazama mimi, na nadhani alitafuta yule msichana wa kukumbatiwa, hakumwona.

"Ni chumvi," akasema.

"Sema ba mama basikie."

"Soya ni chumvi. Itaniua."

"Ulijua lini?"

Alishusha bakuli mapajani. "Tangu Westville," akasema. "Bibi aliniambia. Mwaka wa kwanza."

"Na mawese ya Georgette? Nani alimwona anakula?"

"Hakuna mtu alimwona." Alitazama bakuli. "Nilitunga. Niliogopa mutanicheka."

Yule mama wa rejime aliweka kisu chini, akajifunika uso kwa kitenge. Mwingine akaanza kulia kwa sauti, akiita jina la Yaya, kilio kile ambacho kilistahili kutoka siku ya mazishi. Niliwaacha walie. Sikusikia huruma, na nimejikagua tangu siku ile, bado siioni. Nilisikia kitu kama kuvua kiatu kilichobana mchana kutwa.

Mama Hortense aliniinulia bakuli kwa mikono miwili. "Basi niongezee maji, mwanangu," akasema.

Birika lilikuwa linachemka pembeni ya mkono wangu. Nilikwenda kwenye bomba, nikajaza kikombe maji baridi, nikamimina bakulini mpaka kwenye ukingo wa bluu. Mafuta ya mifupa yakaganda juu, meupe. Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake, nikamngoja mpaka akamaliza yote.